Kabla ya kukata bomba

Mgeni anayefika Butembo jioni, akaona vijana wamejifunga makoti hadi shingoni na mama wauza mahindi wameinamia makaa, atacheka akiambiwa kwamba mjini humu kuna watu wanaoishi kwa kuuza baridi. Baridi si ipo bure? Mji umetandikwa juu ya vilima, mita 1,700 na zaidi, na ikweta inapita kusini yake kidogo tu. Klimatizeri, mashine ya kupoza hewa ya chumba, utaikuta benki, au kwenye vyumba vya mitambo ya kampuni za simu. Sebuleni kwa mtu wa kawaida huioni. Ukishuka Beni, safari ya kilomita 50 na kitu kwa barabara ya taifa namba 2, unakuwa umeteremka mita mia kadhaa na kuusogelea msitu. Koti linavuliwa, shati linaanza kunata mgongoni, na fundi wa klimatizeri anapata wateja.

Lakini baridi ya mlimani haihifadhi samaki. Samaki aliyetoka Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward, akipanda hadi sokoni Butembo ataoza tu, hata wewe uwe unatetemeka. Damu ya kuongezea wagonjwa inataka nyuzi kati ya 2 na 6, chanjo za watoto kati ya 2 na 8, na usiku wa Butembo haufiki huko. Mnywaji naye, ingawa amevaa sweta, hataki Primus ya vuguvugu. Kwa hiyo frigo zipo, kwenye nganda za kunywea bia, maduka, maabara, hospitali na majumbani, na nyingi zimesafiri sana kabla ya kufika: zimeshuka Mombasa, zimevuka Uganda, zimeingia Kasindi. Wafanyabiashara wa Butembo wamezoea njia za Dubai na Guangzhou tangu zamani. Wanaleta frigo mpya, na wanaleta pia zile zilizochoka Ulaya. Zote, mpya na kuukuu, mwisho wake ziko mikononi mwa fundi.

Nimependa kuwatazama mafundi hawa wakiwa kazini, na kilichonivutia zaidi ni jinsi wanavyochelewa. Fundi wa kweli hachukui msumeno haraka. Mfumo wa frigo umefungwa: gesi iliyowekwa kiwandani inazunguka humo miaka na miaka bila kupungua, ikiwa hakuna tundu. Siku bomba linapokatwa, gesi inatoka, hewa na unyevu vinaingia, na kazi ya nusu saa inageuka kazi ya siku nzima na gharama mara kadhaa. Kwa hiyo fundi mzuri anatafuta kila sababu ya kutokata. Fundi mbaya anaanza na sentensi moja ambayo kila mtu wa Butembo na Beni ameisikia: “Gesi imeisha.”

Gesi haiishi. Haichomwi kama petroli. Ikiwa imepungua, imetoka mahali, na anayejaza bila kutafuta mahali hapo amekuuzia baridi ya wiki mbili.

Tuchukue mfano wa kila siku. Mama mwenye duka amemwita fundi, anamwonyesha frigo lililosimama kando ya magunia ya unga.

“Fundi, iko nalia tu, lakini haitoe baridi.”

“Ilianza lini, Mama? Ghafla, ao polepole?”

“Polepole. Juma hii ndio ilikataa kabisa.”

“Na barafu, mulikuwa munatosha na nini?”

Hapo mama ananyamaza kidogo, kisha anasema kwamba barafu ilikuwa inayeyuka yenyewe. Fundi haulizi tena. Anafungua mlango, anapitisha ncha ya kidole ndani ya sehemu ya kugandishia, polepole, kwenye alumini nyembamba ambayo mabomba yamefichwa ndani yake, na anakuta mkwaruzo wenye kidoti cheusi katikati. Kisu. Frigo nyingi mno katika miji hii miwili zimekufa kwa kisu cha jikoni, mtu akiharakisha kubandua barafu kabla wateja hawajaja. Fundi mwenye adabu hasemi neno mbele ya wateja. Anapaka povu la sabuni kwenye kidoti na kusubiri. Povu likivimba, ukweli umejulikana na hakuna aliyeaibishwa.

Maswali yake yote yana maana. Frigo lililokata polepole lina uvujaji. Lililokata ghafla usiku ambao jenereta ya mtaa ilipiga chafya huenda lina ugonjwa wa umeme. Frigo lililoletwa jana juu ya pikipiki, likiwa limelazwa, pengine halina ugonjwa wowote: mafuta ya kompresa yamemiminikia kwenye mabomba, na dawa yake ni kulisimamisha wima hadi kesho bila kuliwasha. Fundi anayekubali kusema “subirini kesho” na kuondoka na nauli tu, huyo mshike. Ameacha pesa mezani kwa hiari yake.

Baada ya maswali ni mkono. Anagusa bomba linalotoka kwenye kompresa: linapaswa kuwa la moto. Anagusa wavu mweusi wa nyuma, kuanzia juu hadi chini: unapaswa kuwa na joto linalopungua kidogo kidogo. Kompresa ikiwa inaunguza na wavu ni baridi, gesi haizunguki. Ama imetoka, ama imezibwa kwenye kapilari, kile kibomba chembamba ambacho tundu lake halifiki hata milimita moja. Kujua ni kipi kati ya hivyo viwili, bila kufungua, ndiyo akili ya kazi. Anachovya kitambaa kwenye maji ya moto na kukishikilia mahali kapilari inapomwaga gesi ndani ya frigo. Ukisikia mchuruziko unarudi na baridi kuanza upya, basi ndani mna tone la maji lililoganda na kuziba njia. Baada ya muda litaganda tena. Ugonjwa huo mara nyingi huachwa na fundi aliyetangulia, aliyefungua mfumo siku ya mvua na kuufunga bila kuukausha.

Ikiwa kompresa hailii kabisa, anavua kifuniko chake pembeni. Kuna pini 3 zimesimama, na mara nyingi hakuna maandishi yoyote. Anaweka multimeta kwenye kipimo cha omu, anapima jozi 3 zinazowezekana na kuandika kiganjani. Jozi yenye namba kubwa kuliko zote inamwambia kwamba pini iliyobaki nje ndiyo ya pamoja. Kutoka hiyo ya pamoja, yenye namba kubwa ni ya kuanzishia na yenye namba ndogo ni ya kuendeshea. Kisha anajumlisha: hizo mbili ndogo zikijumlishwa lazima zitoe ile kubwa. Zikikubaliana, waya za ndani ni nzima na mara nyingi tatizo liko kwenye rilei ya kuanzishia, kitu cha bei ndogo kinachobandikwa kwa dakika moja. Kuna mama wangapi walionunuzwa kompresa nzima kwa sababu ya rilei? Hesabu hiyo ya pini 3 ni ya darasa la msingi, lakini inatenganisha mafundi wawili kabisa.

Kisha kuna siku ambazo lazima kukata. Hapo ndipo nataka kukaa kidogo.

Tundu la kwenye bomba la shaba linafungwa kwa moto na fimbo yenye fedha kidogo ndani yake. Kuna kosa la wanafunzi wote: wanayeyusha fimbo kwa moto. Aliyekomaa anapasha shaba yenyewe, akizungusha moto pande zote hadi rangi ibadilike kuwa nyekundu iliyofifia, kisha anaugeuzia moto pembeni na kugusisha fimbo. Shaba ndiyo inayoiyeyusha, na madini yanakimbilia ndani ya mwanya yenyewe, yakizunguka kiungo chote kabla hujapepesa jicho. Kiungo kizuri kina pete nyembamba inayong’aa na hakina donge. Alumini haikubali mchezo huo kwa urahisi, kwa sababu inayeyuka bila kubadilisha rangi. Moto kidogo zaidi na ukuta wote unaporomoka. Ndiyo maana ukiona frigo la zamani la Beni lina bomba jipya la shaba limezungushwa ndani ya kabati la kugandishia kwa mikunjo inayolingana, umeona kazi ya mtu aliyekata tamaa na alumini na kulitengenezea frigo njia nyingine kabisa, kwa mkono.

Halafu pampu. Kabla ya kuingiza gesi, hewa na unyevu vyote lazima vinyonywe. Maji yaliyofichwa ndani hayatoki kwa kupulizwa. Yanatoka kwa kuchemka, na yanachemka bila moto pale shinikizo linaposhuka vya kutosha. Kwa hiyo pampu inaachwa ikinguruma, nusu saa au zaidi, wakati mwenye frigo anazunguka akiuliza kama bado. Mshale wa manometa, kile kipima shinikizo, unashuka chini ya sifuri. Vitabu vinasema ushuke hadi karibu na inchi 30 za zebaki. Mombasa utafika hapo. Butembo hautafika hata pampu ikilala hapo mwezi mzima, kwa sababu manometa inahesabu kutoka kwenye uzito wa hewa ya mahali ulipo, na hewa ya mlimani ni nyepesi. Hapa mshale unasimama kwenye inchi 24 na kitu. Beni unafika 26. Aliyejifunzia pwani akipanda huku ataituhumu pampu, ataanza kutafuta uvujaji usiokuwepo, atapaka sabuni viungo vizima. Mwenyeji anaufahamu mstari wake. Anafunga valvu, anazima pampu, na kuutazama mshale: ukibaki pale pale, mfumo umefungika na umekauka, ukipanda kidogo kisha ukatulia, bado mna maji, ukipanda bila kusimama, kuna tundu. Mshale mmoja unatoa majibu 3 tofauti, na kuyasoma kunahitaji kukaa hapo bila kufanya chochote, jambo gumu sana mbele ya mtu anayekulipa.

Gesi nayo ina siasa yake. Frigo za zamani zilikuwa na R12, iliyokatazwa kufuatia mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kutoboa tabaka la ozoni. Ikaja R134a, ambayo haidhuru ozoni lakini inapasha dunia joto mara zaidi ya 1,000 kuliko kiasi hicho hicho cha hewa ya ukaa. Ni jirani yetu Kigali, Oktoba 2016, mataifa yalipokubaliana kuipunguza hiyo nayo. Frigo mpya nyingi zinazoingia Kasindi sasa zina R600a, gesi ya jamii moja na ile ya kuwashia sigara. Inawaka. Fundi anayewasha moto wa kuchomelea bila kwanza kusoma kibandiko cha nyuma ya frigo anacheza na uso wake. Zaidi ya hapo, frigo la nyumbani la R600a linachukua gramu chache sana, mara nyingi 50 au 60, na gramu 10 za ziada zinatosha kuliharibia mwendo. Kwa hiyo fundi anaweka mtungi juu ya mizani ndogo na kufungua valvu kama mpishi anayeonja chumvi kwa ncha ya ulimi: kidogo, anafunga, anasoma, kidogo tena.

Mtungi wenyewe hauaminiki bure. Maandishi ya kwenye bati yanaweza kuchapwa popote. Mwaka 2011 kontena za baridi za melini zililipuka na kuua watu kwa sababu zilikuwa zimejazwa gesi bandia, yenye kitu kinachoungana na alumini ya ndani hadi kuwaka kikikutana na hewa. Fundi makini akinunua mtungi wa R134a anauacha kivulini hadi upoe sawa na hewa ya chumba, kisha anauunganisha na manometa. Kwenye nyuzi 20 unapaswa kusoma karibu bar 5. Ukisoma 8, ni R22 imevishwa jina. Namba isipolingana, anaurudisha dukani bila maelezo marefu.

Umeme ndio mgomvi mkubwa. Butembo ilikaa miaka mingi ikitegemea jenereta za mitaa na paneli za jua. Hifadhi ya Virunga ilianza kuzalisha umeme wa maji Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mwaka 2013, na baadaye ikajenga Luviro upande wa Lubero. Hata palipo na waya, umeme unakatika na kurudi, na kurudi ndiko kunakoua. Kompresa iliyosimama inahitaji dakika kama 5 ili shinikizo la pande mbili lisawazike. Umeme ukirudi baada ya sekunde 10, inajaribu kusukuma ukuta, inachota mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na waya zinaungua. Kifaa kidogo cha kuchelewesha umeme kinazuia yote hayo. Fundi anayekuuzia hicho kabla hujaharibikiwa anajipunguzia wateja, na bado wapo wanaofanya hivyo. Sijui niwaeleze vipi, ila kwamba wana wivu na kazi yao.

Wazee wa ufundi huu walianza na moto. Kwenye misheni na vituo vya afya kulikuwa na frigo za mafuta ya taa, zisizo na kompresa wala kipande chochote kinachotembea: taa chini, baridi juu. Zilitokana na ubunifu wa wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Moto unachemsha amonia, amonia inapanda, inapoa, inarudi kwenye maji, na mzunguko unaendelea kwa uzito wake wenyewe. Frigo likiinama kidogo upande mmoja, mzunguko unakufa. Basi fundi alikuja na chupa ya maji ya kupimia usawa, akalisimamisha, akakata utambi hadi mwali ukawa wa buluu. Na likikataa kabisa, alilipindua miguu juu siku nzima, likapona. Ilionekana kama uganga, lakini kimiminika kilichokwama mahali pasipofaa kilikuwa kinarudishwa njiani. Vituo vingi siku hizi vina frigo za jua zenye paneli juu ya bati, na utambi umesahaulika.

Hakuna aliyetarajia kwamba sehemu hizi zingehitaji baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa, ukianzia Mangina, magharibi ya Beni. Ulienda Beni, Butembo, Katwa, na hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kufariki. Chanjo iliyotumika ilitaka baridi hiyo ya ajabu, ambayo kompresa moja ya frigo la kawaida haiwezi kuifikia. Friza nyingi za namna hiyo zina mizunguko miwili: wa kwanza kazi yake ni kuupoza wa pili tu, na wa pili ndio unaopoza chanjo. Mmoja ukikohoa, yote miwili imekwisha. Kwenda vijijini chanjo ilibebwa ndani ya mapipa ya Arktek, yenye kuta zilizonyonywa hewa na vimiminika vilivyogandishwa, ambayo hushikilia baridi hiyo siku 5 hivi bila umeme. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Wauguzi na madaktari walisifiwa, na walistahili. Mimi huwafikiria pia wale waliokuwa wakiamka usiku jenereta ilipobadilisha sauti, wakaenda kusoma namba kwenye mlango wa friza.

Klimatizeri za Beni zingetaka makala yake. Niseme tu kwamba ubora wake unaonekana siku ya kufunga: bomba la maji linalotelemka nje bila kupanda popote, mdomo wa shaba uliofunguliwa mviringo bila ufa, na pampu iliyotumika badala ya kupuliza gesi kidogo “kutoa hewa”, mtindo wa wavivu. Na kiangazi vumbi la barabara likizidi, chujio zinavuliwa na kuoshwa kwa maji baridi na sabuni. Hiyo hata mwenye nyumba anaweza, na fundi mwema humfundisha. Kuhusu joto, Butembo wanalipata kwenye makaa, na hapo sina ufundi wa kusifu: mbabula (jiko la makaa) iliyofungiwa chumbani usiku inaua kimya, dirisha libaki wazi.

Wengi wao walijifunza kwa kukaa karakanani miaka, wakishika taa na kuleta bisibisi kabla ya kuruhusiwa kugusa moto. Wengine walipita shule za ufundi sehemu ya umeme, au INPP, shirika la serikali la mafunzo ya kazi lililoundwa mwaka 1964. Cheti kinasaidia, lakini mwenye frigo hana haja ya kukiulizia. Alitazame tu begi: pampu ipo? Mizani ipo? Asikilize kama maswali yametangulia bei. Na akubali kulipia uchunguzi hata ukiishia kwenye rilei ya bei ndogo, kwa sababu asiyelipia uchunguzi analazimisha fundi atafute kitu kikubwa cha kubadilisha.

Kuna alama moja ninayoiamini kuliko zote, nayo iko nyuma ya frigo. Fundi akimaliza, anachukua kalamu nene na kuandika juu ya kompresa aina ya gesi, gramu alizoweka, tarehe, na kiungo alichofungua. Mteja haoni, na hakuna anayemlipa kwa ajili ya mistari hiyo. Anaandika kwa ajili ya fundi mwingine, asiyemjua, pengine mshindani wake wa mtaa wa pili, atakayelivuta frigo hilo kutoka ukutani miaka 4 baadaye na kujua mara moja aanzie wapi. Ukihitaji fundi Butembo au Beni, omba jirani akuruhusu utazame nyuma ya frigo lake lililowahi kutengenezwa, na umtafute aliyeandika.